Kanda Iliyopungua Urefu wa Kidole

Juru, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Jumamosi, Novemba 2013. Mvua tangu asubuhi.

Mabati yanapigwa hata sisikii mawazo yangu mwenyewe. Mama amelala, au anajifanya amelala. Mimi nimekaa na simu ninayoandikia mkono mmoja, na kwenye kiganja cha pili nina kipande cha kanda ya kaseti, urefu wa kidole, kimekunjamana.

Humo ndani yumo baba yangu.

Zamani kule Uvira, kabla sijazaliwa, kulikuwa na bendi ya roki iliyoitwa Ngurumo. Vijana wa nywele ndefu na magitaa ya umeme, katika mji ambao kila mtu alitaka rumba. Hawakuwahi kutoa santuri hata moja, na walikataza kabisa watu kuwarekodi. Mlangoni walimweka mtu wa kupekua mifuko. Kwa hiyo chochote kilichobaki cha Ngurumo ni cha wizi, na baba alikuwa mmoja wa wezi.

Siku ya onyesho lao kubwa, kwenye ua wa wazi karibu na ziwa, Mama aliivusha redio kaseti mlangoni akiwa ameibeba mgongoni kwa kitenge, kama mtoto. Yule mpekuzi akamwambia aingie polepole asimwamshe. Ndani yeye na baba wakaipakata, imeviringishwa kitenge kilekile ili isionekane, na Mama akabaki mabega wazi kwenye upepo wa ziwa. Ndiyo maana baada ya wimbo wa tatu, watu wanapopiga makofi, unamsikia baba karibu kabisa, kana kwamba amekuja kukaa kitandani kwako:

"Furaha, unasikia baridi?"

Jibu halisikiki. Mama alitikisa kichwa tu, asiharibu rekodi.

Vita vilipofika, mwaka tisini na sita, baba alitutanguliza, akarudi kumchukua bibi. Hatujamwona tena, wala yeye wala bibi. Mama alifika hapa na mimi, sufuria moja na kaseti.

Kila Jumapili baada ya ibada anaiweka. Majirani waliotoka Uvira wanakuja kusikiliza, na mchungaji naye hupita kutuonya juu ya magitaa ya shetani, ingawa mguu wake huwa unapiga chini. Wao wanasikiliza magitaa. Mimi nasikiliza watu. Mtu anakohoa, mwanamke anacheka, mwingine anaita mwenzake asogee. Mama anawajua wote kwa vikohozi vyao, na wengi wao ameshawalilia.

Likija swali la baba, anajibu kwa sauti: "Hapana, baba Neema. Wewe rekodi tu."

Kila mara. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nageuka kuangalia mlango. Sasa ni mtu mzima na bado nageuka.

Baba mdogo, mdogo wake baba, ametuomba miaka na miaka tufanye matanga. Anasema ndugu yake hajaliliwa na yeye mwenyewe anazeeka. Mama humjibu neno lilelile: "Mutu mwenye angali ananiuliza, nitamulilia namna gani?" Baba mdogo huvaa kofia yake na kuondoka. Sijawahi kujua nimuunge mkono nani.

Wiki hii redio iliimeza kanda, palepale penye makofi. Mama aliikunja tu mikono. Jana nikapanda taksi hadi Mbarara, kwa mwanajeshi mmoja mstaafu mwenye kibanda cha ufundi wa redio karibu na kambi ya jeshi ya Makenke. Nilikuwa nimeambiwa yeye bado anafungua kaseti. Alifanya kazi kwa upole, ulimi nje, bisibisi ndogo kama sindano, kisha akanichezea nisikie. Makofi, halafu moja kwa moja wimbo wa nne. Nikamuuliza sauti ya mwanaume iko wapi.

"Pale ilikuwa imekwisha haribika, nyabo, dada yangu. Mimi nakata kidogo tu, naunganisha na selotepu. Lakini muziki yote iko."

Kweli, muziki wote ulikuwepo. Nilishindwa hata kumkasirikia. Nilimwomba kile kipande, akakiokota sakafuni, akakifuta kwa shati lake na kunipa kwa mikono miwili, maana alikuwa ameiona sura yangu.

Njia nzima nilitunga uongo. Nilikuwa na uongo mzuri sana nilipofika hapa Juru.

Nilichelewa kuutumia. Leo mchana Mama aliichukua kaseti kwenye mfuko wangu na kuiweka mwenyewe, bila kungoja Jumapili. Wimbo wa tatu ukaisha. Makofi yakaanza, yakakatika, gitaa likaruka. Mama akainua kichwa, akaizima redio. Tukabaki na mvua.

Nilifungua kiganja nikamwonyesha. Alikitazama kipande bila kukigusa. Halafu akageukia mlango, akajibu kwa sauti yake ileile ya kila Jumapili:

"Ndiyo, baba Neema. Nasikia baridi. Hata ile siku nilikuwa nayisikia."

Nikaenda kumletea kitenge. Nilipomfunika mabega nilihisi anatetemeka, nami nikalia, bila kujua kama namlilia yeye au baba. Yeye hakulia. Alikaa hivyo mpaka chai niliyomwekea ikapoa, ndipo akasema, "Umuambie baba yako mudogo akuye."

Nitakwenda asubuhi, mvua ikatike isikatike. Nitamwambia avae kofia yake, anaitwa.

Sasa naandika haya nikiwa nimeupa mlango mgongo. Nimejilazimisha. Nimeshageuka mara mbili.