Mawe

Dada Esteri,

Nilifika Dar es Salaam salama. Yale maharage mliyonifungashia nyumbani Busunzu bado yamo mfukoni, nashindwa kuyapika.

Simu zangu hupokei, basi soma. Nasikia unawaambia watu nina roho ngumu, eti mama amezikwa na mimi sikutoa hata sauti.

Kazi yangu unaijua. Miaka yote kwenye kile kipindi cha vichekesho mimi ni yaya wa Kiha. Nikishtuka napiga yowe, "Mawe!", vile tunavyomwita mama kwetu. Wenye nyumba wanadhani tunarushiwa mawe, wanakimbilia chini ya meza. Nchi nzima inacheka.

Uliponipigia kwamba mama hatunaye, tulikuwa tunarekodi. Nilipiga yowe, "Mawe! Mawe we!" Wenzangu wote wakaingia chini ya meza. Kamera haikuzimwa. Nimemwomba mwongozaji akifute kipande kile, nimempigia magoti, dada. Anasema sijawahi kuigiza vizuri hivyo. Kinarushwa Ijumaa.

Kule kaburini nilifungua kinywa nilie. Nikawaona watoto wa kaka Tharsisi wananikodolea macho, wamebana vicheko, wanalisubiri lile neno. Nikafumba mdomo.

Nakusihi, Ijumaa mzuie baba asiende kuangalia televisheni dukani kwa Mzee Abbasi. Ukinichukia, nichukie, lakini hilo nifanyie. Halafu uniambie, mama nimlilie kwa neno gani?

Mdogo wako ambaye hajalia bado,
Nadine