Mshipa wa Baba Umevimba Tena

Vratsa, Jumapili

Kaka Kamen,

Niwie radhi kuchelewa kukuandikia. Mtoto anaota meno, usingizi nausikia kwa majirani tu.

Mshipa mkubwa wa tumboni mwa Baba umevimba tena, juu ya pale waliposhona ule wa bandia. Safari hii hawampasui. Ijumaa watapitia pajani, wauwekee bitana kwa ndani. Baba na ufundi bomba wake anabeza: "Asiyebomoa ukuta atazibaje bomba?" Lakini mshipa ukipasuka, hatufiki naye hospitali.

Kwanza wanataka ndugu watoe damu. Mimi nanyonyesha, wamenikataa. Baba kanikanya: "Aliyeondoka kwa hasira asibembelezwe." Sikubembelezi.

Nitumie pajama ya vifungo ya Baba, ndara pana, na wewe mwenyewe kabla ya Ijumaa.

Dadako,
Radostina