Tulikula Dagaa wa Masalu, Kisha Tukamtenga

Mama Paskazia, shikamoo. Nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanigombeza, maana najua utanigombeza, na mimi mwenyewe nimejigombeza wiki nzima sijapata jibu.

Nina duka la kompyuta na kuchapisha hapa Kahama, na kila Jumapili jioni tunakutana watu tisa mtandaoni kwenye mchezo wa mbio za magari, kila mtu yuko kwake na usukani wa kuchezea kaufunga mezani, wengine Shinyanga mjini, wengine Geita, na mimi ndiye mwandaaji, yaani nafungua chumba cha mchezo, nagawa neno la siri, napanga nani aanze wapi, na mtandao ukisumbua simu zote zinakuja kwangu. Mwenzetu mmoja anaitwa Masalu, zamani alikuwa machimboni Mwakitolyo, siku hizi ananunua dagaa mwaloni Nkome, pale wavuvi wanaposhusha samaki, anaishi peke yake hukohuko ugenini, chumba cha kupanga na intaneti ya simu, na ndiye aliyenifundisha mchezo huu tangu namna ya kushika usukani, na huwa anasema Jumapili ndiyo siku pekee anayotukanwa na watu wanaompenda.

Sasa tulianza kwa utani tukaweka mchenya, ile faini ya vijijini kwetu Usukumani, mkosaji anatoa chakula na wenzake wanakila, na asiyetaka kutoa anatengwa, tukasema atakayemgonga mwenzake na kumtoa barabarani atalipa kitu cha kula. Basi gari la Masalu kwenye vioo vya kompyuta zetu likaanza vituko, linapotea, linaibuka mbele, linaruka na kuingia ubavuni mwa mtu, kila wiki mkosaji ni yeye, na kila wiki akiambiwa alipe habishi, anacheka tu na kutuma dagaa kwa basi, tukala, Mama, tukala na ugali, na kwa kuwa habishi tukaona anakiri kwamba anafanya makusudi. Edson wa Geita, ndiye mwenye mbio kuliko sote, akasema Masalu atengwe la sivyo yeye anaondoka, wengine wakamuunga mkono, mimi nikanyamaza, kisha nikampigia Masalu nikamwambia seva, ile kompyuta ya hapa dukani inayoendesha mbio zetu, imeharibika na mbio tumesimamisha, na Jumapili hiyohiyo tukakimbia bila yeye.

Aliniamini. Wiki iliyopita kanitumia video aliyorekodi kwenye kompyuta yake siku ya mbio zake za mwisho, eti nijiburudishe wakati tunasubiri seva ipone, nikaitazama, na kwenye kona ile ambayo sote tulimwona anampindua Edson, kwake yeye anampita vizuri kabisa, kati yao kuna nafasi ya kupitisha ng'ombe, hakumgusa hata kidogo. Mama, yule kaka hajawahi kuona tulichokuwa tunakiona sisi. Na jana kapiga simu, kumbe kanunua ruta na waya kwa ajili yangu, akaniambia kwa jina la mwanangu kama anavyoniita siku zote, "Mama Ngusa, huwezi kuhangaika na seva peke yako. Jumamosi nakuja tuifungue tuione."

Hakuna cha kufungua. Nikimwambia ukweli nitampoteza, nikimrudisha kimyakimya Edson ataondoka na wenzake na mbio zitakufa, nimefikiria hata kuharibu kompyuta moja hapa dukani ili akute kitu cha kutengeneza. Nifanye nini?

Agnetha, Kahama

*

Marahaba, Agnetha. Niliposoma habari za kugonga na kupindua nilidhani kuna mtu yuko wodini. Nikarudia kusoma polepole, nikaona kwamba aliyeumia yupo, isipokuwa bado hajajua.

Kompyuta usiiguse. Mtu aliyefikia kuvunja kitu kizima ili uongo wake upate ushahidi ameshachoka kufikiri, na ndiyo maana nakujibu haraka.

Nimemuuliza fundi wa mitambo hapa gazetini kwetu. Anasema mtandao wa mtu ukilegea, habari za gari lake zinawafikia wenzake zikiwa zimechelewa, na kompyuta zenu zinakisia yuko wapi. Habari zikifika, gari linarukia mahali pake halisi, hata kama pana mtu. Kwa hiyo Edson aligongwa kweli kwenye kioo chake, na Masalu alipita salama kwenye kioo chake. Hakuna mwongo kati yao. Mwongo ni wewe, mwanangu, na nasikitika kukuambia hivyo kwa sababu naona unampenda rafiki yako.

Lakini kinachoniuma zaidi ni huo mchenya. Mimi nimezaliwa huku, mila hiyo naijua. Mtu haitwi mkosaji kabla ya kuitwa barazani, akaambiwa kosa lake, akaulizwa ana la kusema. Mlimuuliza lini? Na chakula chake kikishaliwa, kosa limekwisha, hakuna kulifufua. Nyinyi mlikula dagaa wa mtu wiki baada ya wiki, kisha mkamtenga akiwa ameshalipa. Hata kijiji chenye hasira hakifanyi hivyo. Mliona habishi mkadhani anakiri. Mtu anayeishi peke yake ugenini halipi kwa sababu anakiri, analipa ili aendelee kuitwa mchezoni.

Sasa kazi. Edson mtumie ile video leo, aitazame kona yake mwenyewe. Mwambie vilevile kwamba mwenye kuandaa ni wewe, na anayetaka kuondoka hafungiwi mlango. Nadhani atabaki, watu wenye mbio wanapenda haki pale wanapoiona kwa macho. Halafu muda wenu ni mbaya. Jioni pale mwaloni wavuvi wanajiandaa kuingia ziwani na kila mtu yuko kwenye simu, ndiyo maana mtandao wa Masalu unazimia saa hiyohiyo. Kimbieni mchana. Ile ruta aliyokununulia aitumie mwenyewe, na waya auchomeke kwenye kompyuta yake badala ya kutegemea intaneti ya simu yake. Fundi anasema pia kwenye michezo mingi ya namna hii mwandaaji anaweza kuruhusu magari yapitane bila kugongana. Kama wako unaruhusu, anzeni hivyo mpaka mtandao wake utulie. Na faini isitozwe tena kabla ya kutazama video za pande zote mbili.

Hayo yote hayana maana usipofanya hili moja. Usimwache Masalu apande basi. Njia ya kutoka Nkome hadi Kahama ni ndefu, na mtu asisafiri na waya mkononi kwenda kutengeneza uongo. Mpigie kabla ya Jumamosi, usimwandikie ujumbe. Mweleze seva haikuharibika na mbio hazikusimama. Ukishasema hayo, usiongeze visingizio. Huenda akakata simu. Huenda asirudi kabisa, na hiyo itakuwa haki yake.

Akikuuliza ni nani walikubali atolewe, usianze na Edson. Anza na jina lako.