Buluu ya Geti

Baba,

Meli yako sasa ni ya buluu. Buluu ya geti. Nakuambia mapema kabla hasira hazijanifunga mdomo.

Ni ndugu yako, Baba Mdogo Wafula. Ukiwa bado mochari tukingoja kukupeleka nyumbani Bungoma, aliamua nyumba hii ya Kitengela haiwezi kupokea waombolezaji ikiwa hivi. Akapaka geti, akapaka madirisha, rangi ikabaki, akaiona ile meli yako ndogo ya mbao juu ya kabati. "Si sasa inang'aa? Watu wangesema mzee ameacha vitu vimefifia." Aliniambia hivyo mikono imejaa buluu, macho yamevimba kwa kulia. Ningemfanya nini? Nilimwambia asante, nikaingia jikoni nikauma leso.

Miaka yote hiyo, Baba! Ulitaka mfano wako wa meli ya vita ya kale, ya kusukumwa na upepo, uwe na rangi zilezile za enzi zake. Nyekundu ya dukani uliikataa, ukasema inapiga kelele. Ukanipeleka sokoni Kajiado kwa yule mama anayeuza udongo mwekundu wanaojipaka morani wa Kimaasai, ukausaga, ukauchanganya na mafuta, ukapaka kuta za ndani za sitaha. Mtu akisema kwenye meli hizo za kale zilipakwa nyekundu ili damu isionekane, uliwaka: "Damu gani? Udongo ulipatikana kwa urahisi, basi!" Ubavuni ukaweka manjano iliyochoka, chini nyeupe chafu. Nikauliza ni nani hapa Kitengela atajua tofauti. "Mimi nitajua," ukasema.

Na kifua chako je? Hicho hukutaka kukijua. Ulikohoa msimu mzima wa mvua ukituambia ni vumbi la kiwandani tu. Ulienda mpaka Nairobi kutafuta kitabu cha mitumba kuhusu meli usije ukakosea manjano, lakini hospitali ya hapa chini ulisema ni mbali. Mbali! Mama alikubembeleza, nami nikakubembeleza, ukatugeuzia mgongo ukaendelea kusugua mbao. Baba Mdogo alikosea kwa huzuni. Wewe ulikuwa na akili zako timamu. Ni wewe ninayekukasirikia.

Jumamosi nilirudi Kajiado. Yule mama akanisalimia kwa Kimaasai, "Takwenya," akauliza mzee yuko wapi. Nilimjibu vibaya, kisha nikalia palepale mbele ya watu. Alinifungia udongo mwingi kuliko nilioomba.

Nimeanza kuikwangua kwa msasa. Buluu inatoka pamoja na manjano yako, kwa hivyo itabidi nipake upya kila kitu, na sijui ulichanganyaje. Nakuahidi nitaimaliza, tena kwa rangi zake za kweli, hata nikirudia mara ngapi.

Lakini siku nitakapoirudisha juu ya kabati, hakuna mtu nyumba hii atakayeisogeza dirishani penye mwanga kama wewe, aikunjie uso, aniambie nimekosea. Hilo sijakusamehe.

Pumzika, Baba.

Binti yako,
Nekesa