Sura Yako Kwenye Simu ya Mama

Kikula, Likasi
Tarehe 12 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Éphraïm,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule upepo wa Cape Town unaoulalamikia kila mara umeanza kupungua. Kifua chako kinaendeleaje? Unakula vizuri? Sisi huku tuko wazima kwa neema ya Mungu. Mvua zimeanza, paa la jikoni linavuja palepale pa zamani, na miguu ya Mama inamuuma asubuhi, lakini jua likipanda anatembea.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu ujumbe wa simu unausoma kisha unanyamaza. Adolphe, yule mfanyabiashara wa Shituru aliyetuletea simu uliyomtumia Mama, anarudi huko kwako kununua bidhaa. Nimemwambia akupe mkononi na asiondoke mpaka uifungue.

Kwanza nikushukuru kwa ile simu. Ni nzuri, sina la kusema. Kazi yangu sokoni ni kutengeneza simu, kwa hiyo nilijua tangu siku ya kwanza kuwa kioo chake ni OLED. Sitaki kukufanya mwanafunzi wangu, ila bila maelezo haya hutaelewa yanayofuata. Kioo cha LCD kina taa nyuma yake inayowaka muda wote, na weusi wake ni taa iliyofunikwa tu. Ukiingia nacho gizani unaona ni kijivu. OLED haina taa ya nyuma. Kila nukta inajiwashia yenyewe, na penye weusi inazima kabisa, ndiyo maana picha zake zinapendeza. Lakini ukiacha picha moja inawaka wiki baada ya wiki, nukta zinachoka, na zikichoka zinabaki na doa la picha ileile.

Basi Mama aliweka picha yako, ile ya shati jeupe. Aliegemeza simu kwenye chupa ya chai juu ya kabati la sebuleni, akamwomba Aimée wa kwaya aipange isizimike kamwe, na mwanga uwe mkali hadi mwisho. Unawajua wamama wa maombi: wakikuombea wanataka sura yako iwe mbele yao. Mama alisema mwanawe hawezi kuombewa gizani. Umeme wa bwawa la Koni, lilivyo karibu hivyo, unatutembelea ukipenda, kwa hiyo ukikatika alikuwa anachomeka simu kwenye betri ya jua ya jirani. Alikuombea karatasi zako za ukaazi, kazi yako, na safari ya kuja kutuona.

Mwezi uliopita akafungua picha ya mtoto wa kaka yetu Papy. Kwenye ukuta mweupe nyuma ya mtoto akaona kivuli cha kichwa na mabega. Vyako. Lile shati jeupe ndilo lililoacha doa kubwa kuliko vyote. Wamama wakaitwa, wakaangalia, wakaimba, wakasema ni ishara: Éphraïm yuko njiani.

Mimi nilijua ni nukta zilizochoka, nikawaacha waimbe. Mama alikuwa ameanza tena kuimba akifua nguo, na nani angemnyima? Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na kweli hapa mtaani jina lako lilikuwa limeshasahaulika. Sasa majirani wakawa wanaingia kutazama ile simu, wanauliza unafanya kazi gani, utakuja lini. Mama akanunua bata, akaanza kumnenepesha. Akamwomba mchungaji nafasi ya kutoa ushuhuda Jumapili, mbele ya kanisa zima.

Wiki hiyohiyo alikuja kwangu Michelle, mteja anayesali kanisa moja na Mama, na simu iliyopasuka. Alitaka kulinganisha kabla ya kuchagua. Nikamchomekea kwanza kioo cha LCD cha kuiga, kisha OLED, kwa picha moja ileile: harusi ya binamu yake, Lubumbashi, mwezi wa nane. Kwenye kile cha kwanza meza za nyuma zilikuwa ukungu wa kijivu. Kwenye cha pili weusi ukawa weusi, nyuso zikajitokeza, na meza ya mwisho umekaa wewe, suti nyeusi, glasi mkononi, unacheka.

Nikamuuliza Michelle yule ni nani.

"Ule? Ni rafiki ya bwana-arusi. Alitokaka Cape Town, akakala semaine nzima, akarudia."

Wiki nzima, Éphraïm. Kutoka pale hadi hapa ni saa mbili za gari. Na mwezi huohuo ulituandikia kwamba karatasi zako hazijatoka, huwezi kuvuka mpaka. Wamama wa maombi walichelewa kidogo tu. Njiani ulikuwa kweli. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yako iliishia Lubumbashi. Nilikasirika, nikamwambia Michelle arudi kesho.

Ningemwacha Mama asimame kanisani, aseme mwanawe anakuja, na Michelle amekaa pale anamsikiliza? Jumamosi nikakaa naye jikoni. Nikamweleza kwanza habari ya kioo, taratibu. Halafu nikamweleza harusi.

Aliendelea kuchambua maharagwe. Akasema, "Ya écran nilijua, Mwadi. Minye siko mutoto. Ila bantu balianza tena kuuliza habari yake."

Akachambua tena kidogo.

"Ya ndoa, ile sikujua."

Hakulia. Afadhali angelia. Jumapili hakwenda kanisani. Jumatatu akaja mwenyewe sokoni, akaweka simu mezani kwangu, akasema nitoe kile kioo niweke cha taa ya nyuma, kisichoshika sura ya mtu. Nikamwambia ni cha hali ya chini, picha hazitapendeza. "Haizuru," akasema. "Sina tena kintu ya kuangalia mule." Nikakibadilisha akiwa amesimama.

Tafadhali usitume simu nyingine. Nakujua, ndilo wazo litakalokujia kwanza. Ukitaka kuja, njoo. Kama hutaki, sema hutaki, tuzoee.

Papy na mke wake wanakusalimu. Arielle, binti yao mkubwa, anakusalimu, ingawa sura yako haikumbuki. Shangazi Stéphanie anakusalimu na bado anakutetea. Bata tulimla sisi. Chumba chako cha nyuma Mama amekipangisha kwa mwalimu mmoja, na nguo zako ziko kwangu. Nilimuuliza Mama naye anatuma salamu gani. Akasema:

"Umuambie siku akikuya, apige hodi. Kama mugeni."

Mungu akulinde kazini na barabarani, na akulainishe huo moyo.

Dada yako anayekupenda, na hilo ndilo linaloniuma,
Yaya Mwadi