Tethis Hajafuatwa

Jumatatu, 4 Oktoba 1954. Ipole.
Darasa la nne. Vumbi, joto. Nimewasomea tena kile kitabu cha Kizungu cha hadithi za Wayunani, nikizigeuza Kiswahili palepale. Leo Tethis, mama wa maji, aliyekuwapo kabla ya miungu wakubwa. Mumewe Okeano ni mto unaoizunguka dunia. Mito yote ni watoto wao. Mwanafunzi wangu Rozalia akauliza kama mto wetu Ugalla nao ni wao. Nikasema ndiyo.
"Basi, mwalimu, mama huyo hamtunzi mwanawe. Sasa hivi ni mchanga mtupu."
Tumecheka mpaka mwalimu mkuu akachungulia.
Jioni kwa baba. Ugali na mlenda. Tangu Julai nimemwacha mume wangu Petro kule mjini Tabora. Hajaja kunifuata.

Jumatano, 6 Oktoba
Tethis na Okeano wamegombana. Hawalali pamoja tena. Kitabu hakisemi kwa nini. Watoto wanataka kujua nani atamfuata mke. Hapa kila mtu anajua: mke akirudi kwao, mume huja au hutuma watu. Mke hajirudishi. Nimewaambia kuwa Hera, binti waliyemlea, amemuaga mumewe kwamba anakwenda kuwapatanisha. Wakapiga makofi.
Mimi na Petro hatukugombana hasa. Mama yake alinisema kwamba sizai, mbele ya wapangaji wote pale mtaani kwetu Kanyenye. Petro alikuwa anakula. Akaendelea kula. Hilo sijalisamehe.

Alhamisi, 7 Oktoba
Shangazi Magdalena anakwenda mjini na lori la asali, kuzungumza na Petro. Mumewe hamruhusu hata kwenda gulioni, lakini hili ni jambo la ndoa, amekubali. Nimempa shangazi kuku wa njiani. Nina furaha ya kijinga.

Jumatatu, 11 Oktoba
Shangazi amerudi. "Petro anasema usubiri, mwanangu. Mambo ni mazuri."
Hakunitazama. Nilitaka kuamini, nikaamini.

Jumanne, 12 Oktoba
Nimesoma mbele kabla ya kipindi. Hera hakuwa na nia ya kwenda. Alikuwa na shughuli zake. Ugomvi wa Tethis ulikuwa kisingizio tu cha kutoka nyumbani. Na Tethis mwenyewe hana habari kwamba anatajwa.
Watoto sikuwaambia. Nimewapa hesabu.

Alhamisi, 14 Oktoba
Mwinjilisti amepita akitoka Tabora. Petro alimwuliza kama mimi ni mzima, maana hajasikia neno kutoka kwetu tangu niondoke.
Nimemwendea shangazi. Hakukana. Alikwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza, basi.
"Mume wangu asingeniruhusu kwa jambo jingine. Ningefanyaje?"
Nimekasirika. Kisha nikamwuliza mtoto anaitwa nani.

Jumamosi, 16 Oktoba
Nimepanda lori mwenyewe. Baba amesema naiaibisha nyumba yake. Haya, naiaibisha. Nimechoka kungoja.

Jumapili, 17 Oktoba. Tabora.
Jana Petro alinipokea vizuri mno. Mama yake amehamia Usinge. Akanipa kitanda, yeye akatandika mkeka sebuleni. 
Leo nimeamka nikakuta ndoo ya maji ya moto bafuni. Sabuni mpya. Taulo lililokunjwa. Mgeni ndiye huwekewa maji hivyo.
Nimeoga. Nimemshukuru.