Alhamisi Niliyoiandika Bila Kuiona

Jumamosi, wiki ya pili ya likizo. Asubuhi ukungu, mchana jua, na Mlima Meru umejivua mawingu yote kana kwamba nao ulitaka kuona.

Shajara, sijui nianzie wapi. Nimekaa kwenye intaneti kafe ya hapa Tengeru, viatu vyangu vina matope mpaka kwenye kamba, na kila nikifumba macho nasikia yale mabawa. Mwenye kafe ameshaniangalia mara mbili. Nadhani nilikuwa natabasamu peke yangu mbele ya kompyuta.

Nianze na kosa langu. Nikilichelewesha nitatafuta namna ya kulirembesha.

Kikundi chetu cha ndege kina watu kumi na wachache. Tunahesabu ndege wa majini pale Ziwa Duluti, tunaotesha miche ya miti ya asili, na likizo tunawatembeza watoto wa shule ya msingi kuwaonyesha kinachoishi jirani na nyumba zao. Anayetuongoza ni Dada Neema, ambaye kazi yake ni kwenye bustani ya miche. Mimi nilijiunga kwa sababu kutazama ndege ni kazi ambayo mtu haulizwi kwa nini amenyamaza.

Kanuni ya Dada Neema ni moja tu, na anairudia mpaka tunaisema naye: andika ulichokiona, usiandike ulichotegemea kukiona.

Juu kidogo ya barabara ya lami kuna shamba la Mama Ndeshi, migomba na kahawa, na katikati yake mringaringa wa zamani sana. Nyumba yake ya mabati mekundu ilijengwa mti ukiwa tayari mkubwa. Kwenye shina, juu kabisa, kuna tundu. Ndani ya tundu hilo hondohondo jike amejifungia. Ameziba mlango kwa udongo akabakiza ufa mwembamba, na anakaa humo gizani na mayai yake, kisha na makinda, huku dume akimletea chakula na kumlisha kupitia ule ufa. Niliyasoma hayo kwenye kitabu cha kikundi, nikayasoma tena, nikayanakili kwenye daftari.

Shida ni kwamba kijana wa Mama Ndeshi anajenga Kimandolu na anahitaji mbao za milango. Mringaringa unatoa mbao nzuri. Fundi wa msumeno wa mashine alishapatikana, siku ikapangwa: leo.

Jumamosi iliyopita Dada Neema alikwenda kumwomba mwenye shamba asiukate. Mama Ndeshi alimkaribisha, akampa maziwa mgando, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Miaka yote nalima hapa namwona mmoja tu, anapiga kelele kama mlevi. Wewe unaniambia kuna mwingine ndani. Haya, mnipe ushahidi. Msiponipa, Jumamosi mti unalala."

Tukakubaliana. Mtu mmoja akae chini ya mti kila asubuhi, Jumatatu mpaka Ijumaa, aandike kila dume anapokuja. Nyumbani kwetu ndiko karibu, na shule imefungwa. Wote waliniangalia mimi.

Jumatatu, Jumanne na Jumatano nilikwenda. Saa kumi na mbili na nusu nakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, naandika. Alikuja kila siku, mara mbili au tatu kabla ya saa tatu.

Alhamisi mvua ilinyesha. Nyumbani kwetu dada yangu mkubwa ni mzazi, amejifungua na kwa desturi yetu hatoki ndani miezi mitatu. Chumba chetu ni chake na mtoto, mimi nalala kwenye kochi. Niliamka, nikasikia mabati, nikavuta blanketi, nikafungua kitabu cha hadithi nilichoazima. Nilijiambia nitamaliza sura moja. Mama akaniita mara moja nimpelekee dada mtori wa ndizi, nikampelekea, nikarudi kwenye kitabu. Kilipokwisha ilikuwa saa nne.

Nikachukua daftari. Nikaandika: Alhamisi, dume alikuja saa moja kasoro, akaja tena saa mbili.

Haikunichukua hata dakika moja. Nilifikiri, si anakuja kila siku? Si ni kweli, hata kama sikumwona?

Ijumaa nilikwenda mapema kuliko siku zote, nikakaa muda mrefu kuliko siku zote. Unaelewa kwa nini.

Leo asubuhi tulifika wote. Dada Neema, wenzetu wanne, na watoto ishirini hivi wa darasa la nne ambao walikuwa waje kuona kiota au, kama mambo yangekwenda vibaya, wasione chochote. Fundi Emanueli alikuwa ameshafika, amekaa juu ya msumeno wake kama mtu aliyekalia kigoda. Mama Ndeshi alitoka jikoni akifuta mikono kwa khanga.

"Shikamoo mama," tukasema kwa pamoja.

"Marahaba. Mmekuja na shule nzima. Haya, someni."

Dada Neema akanipa daftari nisome mimi. Alifikiri ananipa heshima.

Nilisoma kwa sauti ambayo nadhani ni migomba tu iliyoisikia. Mama Ndeshi akasema, "Paza, binti wa mwenye duka la dawa, baba yako mbona ana sauti." Watoto wakacheka. Nikapaza. Jumatatu. Jumanne. Jumatano. Nilipofika Alhamisi nikasoma haraka ili nipite.

"Rudia hapo," akasema Mama Ndeshi.

Nikarudia.

"Alhamisi nilikuwa hapa hapa nakata majani ya ng'ombe. Mvua ilinifukuza nikiwa na mzigo nusu. Ndoo ilikuwepo. Juu ya ndoo hapakuwa na mtu."

Shajara, nimesoma mara nyingi kwenye vitabu kwamba mtu alitamani ardhi ipasuke. Ardhi ya pale ni tifutifu nzuri sana, na haikupasuka.

 Dada Neema alinitazama, na sikuona hasira, niliona kama amesahau kitu mahali na anajaribu kukumbuka ni wapi. Afadhali angenigombeza.

Emanueli akainuka, akapangusa suruali. "Mama, daftari limekwisha. Niwashe?"

Nilijua kabisa kilichokuwa kinatokea. Kwa sababu ya uvivu wangu wa asubuhi moja, zile asubuhi nne za kweli zilikuwa zimegeuka uongo pia, na jike yule alikuwa humo ndani, juu ya vichwa vyetu, hajui kama anatetewa na mimi.

Nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi, lakini ilitoka.

"Mama, Alhamisi sikuja. Nilikuwa nyumbani nasoma kitabu. Nikaandika uongo. Siku nyingine nne ni kweli, lakini usiniamini. Naomba ukae wewe mwenyewe, sasa hivi. Asipokuja mpaka saa tatu, Emanueli awashe."

 Mtoto mmoja akapiga chafya.

"Kitabu cha nini?" akauliza Mama Ndeshi.

"Hadithi tu, mama."

"Hadithi." Akamwangalia Emanueli, akaliangalia jua. "Lete ndoo."

Akakaa yeye juu ya ndoo yangu. Sisi tukarudi nyuma kwenye migomba, watoto wakachuchumaa kama vifaranga. Ilikuwa saa mbili na dakika tano. Nilikuwa nimempa Mama Ndeshi darubini, akaishika mapajani bila kuitumia.

Saa mbili na robo, hakuna. Saa mbili na nusu, hakuna. Mbayuwayu walipita. Kunguru mmoja alitua kwenye mringaringa, moyo wangu ukaruka, kisha nikaona ni kunguru. Emanueli akaanza kupiga mluzi wa taratibu, wa mtu ambaye siku yake bado ndefu. Nikafikiri: watu wengi mno, harufu ya petroli, hatakuja. Nimeomba kitu ambacho ndege hawezi kutimiza.

Saa tatu kasoro dakika kumi nikayasikia.

Mabawa ya hondohondo husikika kabla hujamwona, kama mtu anakung'uta mkeka mkubwa, fwoo, fwoo, fwoo. Alikuja kutoka upande wa mtoni, mweusi, mgongo mweupe, na juu ya mdomo kama amebeba ndizi ya pili. Akatua kwenye shina, akajiegemeza kwa mkia. Akatutazama. Sisi sote tukaacha kupumua.

Kisha akatikisa shingo, akatapika tunda moja la mkuyu mpaka kwenye ncha ya mdomo, akalipitisha kwenye ufa.

Na kutoka ndani, ncha ya mdomo mwingine ikatokea, ikalipokea.

Tunda la pili. La tatu. Yalikuwa kooni kama kwenye mfuko. Mama Ndeshi alikuwa ameinua darubini na wala hakujua kwamba amesimama.

"Amefungiwa?" akauliza kwa sauti ya chini, bila kugeuka.

"Amejifungia mwenyewe," nikasema.

"Na huyu ndiye anamlisha. Kila kitu."

"Kila kitu, mama."

"Muda gani?"

"Miezi mitatu. Hata zaidi."

Akashusha darubini. "Miezi mitatu ndani, hatoki, analetewa chakula." Akatikisa kichwa polepole. "Kumbe ni mzazi."

Sikuwahi kuliona hilo. Nimesoma ukurasa ule mara tatu, na nyumbani kwetu kuna mlango uliofungwa pazia, na mimi mwenyewe ndiye ninayebeba bakuli la mtori.

Mama Ndeshi akamgeukia fundi. "Emanueli, mzazi hatolewi ndani."

"Mama, ni ndege."

"Nimesikia ni ndege. Siku akitoka na mtoto wake, njoo tuongee habari za mti. Sasa hivi njoo unywe chai."

Emanueli akacheka, akanyanyua msumeno begani. Watoto wakaanza kushangilia, na ni Mama Ndeshi aliyegeuka, kidole mdomoni. "Nyamazeni nyie, hapa kuna mzazi." Wakanyamaza palepale. Dada Neema amejaribu miaka miwili kuwanyamazisha watoto wa darasa la nne.

Najua mti haujapona. Milango ya Kimandolu bado inahitaji mbao. Lakini tuna miezi, na leo asubuhi hatukuwa hata na saa moja.

Tukiwa tunaondoka, Dada Neema akanirudishia daftari. Nilimwomba nichane ukurasa wa Alhamisi. Akasema hapana, chini yake niandike ilivyokuwa. Nikaandika palepale, nimeegemea mgomba: Sikuwepo. Mvua. Nilikuwa nasoma. Ndiyo mistari mifupi kuliko yote niliyowahi kuandika na mkono uliniuma.

Kisha Mama Ndeshi akaniita getini. "Wewe, utaendelea kuja?"

"Ndiyo, mama."

"Siku usipokuja, andika hukuja. Mimi nakata majani kila siku, nitakuwa nalitazama hilo daftari lako kuliko mwalimu."

Kabla ya kuja hapa kafe nilipita nyumbani nikamsimulia dada yangu kila kitu kupitia pazia. Alicheka mpaka mtoto akaamka. Akasema, "Mwambie huyo hondohondo mimi na yeye tunaelewana, ila yeye hajalazimishwa mtori."

Kesho ni Jumapili na ibada ni saa moja. Dume hana habari na Jumapili. Nikiamka saa kumi na moja nitamwona akija mara ya kwanza, halafu nitakimbia kanisani na matope yangu. Kitabu kipya nimekiacha kwa dada, nyuma ya pazia, aninyime mpaka saa nne.